Marehemu wa Sampuli ya Saba

Kosa langu lilianza na usafi.

Nilifika maabara saa moja na nusu asubuhi, kabla ya wengine, kama kawaida yangu. Nikitangulia, watu huingia mmoja mmoja na mimi huwasalimia mmoja mmoja. Kuingia kwenye chumba kilichokwisha kujaa watu ni jambo ambalo miguu yangu haijawahi kulizoea.

Kwenye meza ya dirishani kulikuwa na vyuma viwili vya kupashia joto, mapacha, kila kimoja kikubwa kama tofali, vyenye matundu ya kuchomeka neli za kioo. Vioo vyao vya kuonyesha namba vilikufa kabla sijaajiriwa, na fundi aliyeitwa alisema vipuri vyake havitengenezwi tena. Kwa hiyo Sindano, mwenzangu wa maabara, mwembamba mpaka koti lake lilionekana limetundikwa ukutani, aliandika kwenye vifuniko kwa kalamu nyeusi. Kimoja aliandika KITANDA. Hicho kilikuwa na joto la mwili wa mtu, nyuzi thelathini na saba, ambamo bakteria hustarehe. Kingine aliandika JEHANAMU. Hicho kilikuwa na nyuzi tisini, na humo tuliwaua bakteria tuliomaliza kazi nao kabla ya kuwamwaga.

Vifuniko vilikuwa na alama za vidole, na kimoja kilikuwa na doa ambalo Sindano aliapa kwamba si chai. Nikavitoa vyote viwili, nikaviosha kwa sabuni, nikavikausha, nikavirudisha. Ndivyo nilivyolelewa. Mama hawezi kuwasha jiko kabla ya kufuta meza.

Kazi yetu ilihusu sumukuvu. Mahindi au karanga zikihifadhiwa kabla hazijakauka vizuri huota ukungu, na ukungu ule huacha sumu ndani ya punje. Ukungu wenyewe unaweza kuupangusa ukaondoka, lakini sumu inabaki. Haina harufu wala ladha. Moto wa jikoni hauiwezi; utachemsha uji mpaka ushike sufuria, na sumu itakuwa palepale. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka, ini lake ndilo linaloumia.

Mkuu wetu, ambaye sote tulimwita Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini na viatu visivyotoa mlio, alijua kwamba baadhi ya bakteria wanaogandisha maziwa huishika sumu hiyo. Hawaili wala kuivunja. Huishika tu, wakapita nayo tumboni na kutoka nayo nje. Alitaka kuona kama bakteria wa namna hiyo wapo kwenye mitungi ya mtindi ya watu wa kawaida, akatuagiza kila mmoja alete kikombe kutoka nyumbani. Tulipata sampuli kumi na mbili. Sita za kwanza zilikuwa zimeshapimwa, na nyingi zilishika theluthi tu ya sumu. Ya saba ilitoka kwenye mtungi wa Mama.

Siku niliyokwenda kuichukua ndiyo siku niliyomuudhi. Mama ana tabia ya kumimina mtindi kwenye uji ukiwa bado motoni, halafu anauacha uchemke tena mpaka upande. Nilimwambia, kwa ile sauti ya mtu aliyetoka chuoni juzi, "Mama, unawaua wote. Faida yote inakwenda na mvuke."

Aliacha kukoroga. "Mimi nimeua?"

"Bakteria wazuri, Mama. Wakichemshwa wanakufa, wanakuwa hawana kazi."

"Hata mama yangu aliua, basi," akasema, na hakuongea tena mpaka tukamaliza kula. Tangu siku hiyo mtindi ulikuja mezani peke yake, baridi, kwenye kikombe. Aliunywa kama anameza dawa. Nami niliona, nikakosa namna ya kuyarudisha maneno yangu.

Kuna jambo jingine la kueleza, nalo ni daftari. Karibu na mlango wa maabara kulikuwa na msumari, na kwenye msumari daftari lililofungwa kwa uzi. Kanuni ya Daktari ilikuwa moja: ukikosea, andika kwa mkono wako kabla ya kwenda nyumbani. Mimi nilikuwa na mistari miwili. Nilivunja chupa kubwa ya kupimia, na siku nyingine niliacha mlango wa friji wazi. Muda wangu wa majaribio ulikuwa unakwisha Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kamati ingekaa, ingelisoma daftari, na ingeamua kama ninabaki au ninakwenda. Msichana aliyekuwa na nafasi hiyo kabla yangu aliondoka na mistari mitatu. Sindano ndiye aliyeniambia, kwa utani, bila kujua kwamba utani ule nilikwenda nao nyumbani na kulala nao.

Basi, asubuhi ile ya Alhamisi, nilitoa kwenye friji bakteria wa namba saba. Walikuwa kwenye neli tatu, wameoshwa, wanaelea majini kama wingu jeupe. Nilitakiwa kuwapasha saa moja kwenye joto la mwili ili waamke vizuri, ndipo niwape sumu. Nikafunua kifuniko cha Kitanda, nikazichomeka kwa kuzishika shingoni, nikafunika, nikakaa kuandika.

Saa ilipotimia nikashika neli ya kwanza katikati ya kioo, na joto likapenya glavu likaniuma vidole.

Nilisimama pale neli ikiwa mkononi, inaniunguza, na sikuiweka chini. Nilitazama kifuniko, kisafi, kinang'aa. Kisha nikaweka kiganja juu ya chuma cha pili, kile cha Jehanamu, kikawa vuguvugu kama shavu la mtoto. Hapo nikaelewa. Niliosha vifuniko nikavirudisha kila kimoja kwa pacha mwenzake.

Lile wingu jeupe lilikuwa limejikusanya mabonge madogo. Niliwaomba radhi. Najua ni upuuzi, lakini nilisema kabisa, kwa kunong'ona, "Samahani jamani." Walikuwa wametoka kwa Mama.

Mlango ukafunguka, Sindano akaingia anafunga vifungo vya koti.

"Kimya, umepauka kama unga. Umeamkaje?" Kimya ndilo jina alilonipa wiki ya kwanza, nami nikaliitikia.

"Salama, kaka."

"Salama ndiyo hiyo? Ukiwa mgonjwa si utatoweka kabisa."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Sanduku la taa tulilokuwa tukipimia sumu tuliliazima kutoka maabara nyingine, na wenyewe walikuwa wanalifuata saa kumi jioni. Bakteria wengine wa namba saba hawakuwepo mpaka tuwaoteshe upya. Nikisema, kipimo kimekufa, na mstari wa tatu umeandikwa. Nisiposema, wafu hawatashika kitu, Daktari ataandika kwamba namba saba haifai, tutaendelea na namba nane. Nani angejua?

Nikaziacha neli mezani zikapoa. Halafu nikaongeza sumu, kiasi kilekile nilichotia kwenye neli ya nne yenye maji matupu ya kulinganishia. Mikono yangu ilifanya kila kitu sawasawa. Hilo ndilo linalonitia aibu hata sasa, jinsi mikono ilivyotulia.

Nilisubiri saa nyingine. Nikazitia kwenye mashine ya kuzungusha, ile inayowasukuma bakteria wote chini ya neli wakagandamana na kuacha maji peke yake juu. Mashine ikalia, ikapunguza, ikanyamaza. Nikazipeleka kwenye sanduku la taa.

Sanduku lile ni giza tupu ndani, lina tundu la jicho, na taa ambayo mwanga wake wenyewe hauonekani. Sumukuvu ikimulikwa na taa ile hung'aa buluu. Niliweka kwanza neli ya maji matupu, nikainama tunduni. Yote ilikuwa buluu, toka juu mpaka chini, rangi nzuri kiasi kwamba unasahau ni ya nini.

Nikaitoa, nikaweka namba saba.

Giza.

Nikadhani taa imezima. Nikarudisha ile ya kwanza: buluu. Nikaweka tena namba saba, nikakaza jicho mpaka likatoa machozi. Maji yalikuwa meusi, na chini kabisa, pale bakteria walipogandamana, palikuwa na alama ndogo ya buluu, kama kichwa cha pini kilichowashwa. Sumu ilikuwa pale. Yote, au karibu yote, ilikuwa pale chini pamoja nao.

Sikunyanyua kichwa kwa muda. Nilikuwa nimewaua mimi mwenyewe, saa nzima, kwenye joto lisiloacha kitu. Hawakuwa na njaa wala pumzi. Hapakuwa na chochote ndani yao cha kutaka wala kukataa. Mtu angeniuliza siku ile kifo ni nini, ningemjibu ni kuachia. Na wao walikuwa wamekufa na hawakuachia. Zaidi ya hapo: walishika baada ya kufa. Sumu iliwakuta tayari ni marehemu.

"Umelala humo?" Sindano akauliza nyuma yangu.

Nikampisha. Akainama, koti likamning'inia. Akatoa neli, akaweka nyingine, akarudia zote tatu. Aliponyanyuka hakuwa na utani usoni.

"Mama yako anafuga nini kwenye ule mtungi?"

"Mtindi tu, kaka."

"Mtindi tu," akarudia, akaenda kumwita Daktari kwa hatua ndefu.

Tulipima kiasi kilichobaki majini, na hesabu ikaonyesha kwamba sehemu nane na zaidi katika kumi za sumu zilikuwa zimeshikwa. Daktari alinitazama akatabasamu, jambo ambalo halikuwa la kila wiki. Akachukua chaki akaandika ubaoni: *Namba saba, bakteria hai, asilimia themanini na mbili.* Kisha akapigia mstari neno *hai*, akarudi ofisini kwake.

Siku nzima neno lile lilinitazama. Wenye sanduku wakaja wakalichukua. Sindano akaaga, akaniambia nimpelekee Mama salamu kutoka kwa mashabiki wake. Jua likaingia kwenye dirisha la magharibi likaangukia ubao, na *hai* ikazidi kuwa nyeupe. Kama ningenyamaza sasa, nisingekuwa nimeficha kosa tu. Ningekuwa nimebaki kazini kwa sababu ya uongo ulioandikwa kwa chaki, na watu wengine wangejenga juu yake. Halafu, sijui nielezeje bila kuonekana mjinga, niliona nawadhulumu wale marehemu. Walifanya jambo la ajabu kuliko lile lililoandikwa, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi.

Nikaenda msumarini. Niliandika taratibu, kwa mwandiko wangu mzuri: *Niliosha vifuniko vya Kitanda na Jehanamu nikavibadilisha. Bakteria namba saba walikaa saa nzima kwenye nyuzi tisini. Nilijua, nikaendelea na kipimo bila kusema.*

Daktari alitoka ofisini na mkoba begani.

"Bado upo? Nenda ukapumzike, mwanangu. Leo umefanya kazi."

"Walikuwa wamekufa," nikasema.

Akasimama. "Akina nani?"

"Namba saba, Daktari. Nimewaua mimi. Asubuhi. Kabla ya sumu."

Sauti yangu ilikuwa ndogo mpaka alilazimika kusogea, na nikalazimika kurudia, na kurudia kulikuwa kugumu kuliko mara ya kwanza. Alikwenda kwenye meza ya dirishani, akaweka kiganja juu ya chuma kimoja, akakiondoa upesi, akakiweka juu ya cha pili. Kisha akasoma daftari. Aliposoma alirudi mwanzo akasoma tena.

"Hili la vifuniko," akasema, "ni letu sote. Nani mwenye akili anaandika joto kwenye kitu kinachofunguka. Hili la mwisho ndilo lako."

"Najua."

"Na ndilo zito."

"Najua, Daktari. Shikamoo," nikasema, sijui kwa nini, nikaanza kutafuta begi langu.

"Marahaba. Unakwenda wapi? Kaa."

Nikakaa. Yeye akabaki amesimama mbele ya ubao. Alilifuta neno *hai* kwa kidole gumba, polepole, halafu akabaki kulitazama lile pengo.

"Wamekufa," akasema, sasa kwa sauti ya mtu anayeongea peke yake. "Asilimia themanini na mbili, wamekufa." Akavuta kiti akakaa karibu nami kama tuko kibarazani. "Unajua, wapo wenzetu waliwahi kuliona hili. Nilisoma zamani, mstari mmoja katikati ya kurasa nyingi, nikapita. Nilisema moyoni, hawa walikosea vipimo. Sasa limenijia mlangoni kwangu."

"Inawezekanaje, Daktari?"

Alichukua karatasi akachora duara, na kulizunguka akachora mikunjo mingi, kama shuka iliyotupwa. "Huu ni ukuta wake. Sisi tukisema anashika, tunafikiria mkono. Mtu anayetaka kitu. Hakuna mkono. Ukuta wenyewe ndio unaoshika, kwa jinsi ulivyofumwa. Alipokuwa hai ulikuwa umekaza. Moto umeulegeza, mikunjo ikafunguka, na sumu ikapata nafasi nyingi zaidi za kukaa." Akaiweka kalamu chini. "Alivyofumwa. Hiyo tu. Yeye mwenyewe anakwenda, kazi yake inabaki."

Tulinyamaza wote wawili. Nilizoea kunyamaza kwa kuogopa, lakini kunyamaza kule hakukuwa kwa kuogopa. Tulikuwa tunaangalia duara kwenye karatasi.

"Ila jambo likitokea mara moja si matokeo, ni uvumi," akasema akiinuka. "Otesha upya. Nusu hai, nusu marehemu, tuone uso kwa uso. Na mstari wako unabaki pale ulipo, kamati itausoma. Siwezi kuufuta."

"Sitaki ufutwe," nikasema, na nikashangaa kwamba ni kweli.

Jumanne iliyofuata sanduku lilirudi. Sindano alikuwa amepaka majina ya vyuma ubavuni kwa rangi nyekundu isiyobanduka, na kila nilipopita na kitambaa aliyakinga kwa mikono miwili. Nilipanga neli kumi na nane, tisa za hai, tisa za wafu. Daktari alivua viatu, akapiga magoti mbele ya tundu, akazitazama zote mpaka ya mwisho. Walio hai walishika, wala si haba, kama sehemu sita katika kumi. Marehemu wakashika nane na zaidi, neli baada ya neli. Tulipowasuuza kwa maji safi, sehemu ya sumu iliachia, kwa walio hai na kwa wafu, na hilo pia tuliliandika. Hatukutaka kuwasifu kupita walichofanya.

"Kwa hiyo marehemu wamekamata mwizi," Sindano akasema, "na walinzi walio hai wamemwona akipita." Daktari alicheka akiwa bado amepiga magoti.

Ijumaa kamati ilikaa saa nne. Nilisubiri kwenye benchi la korido, nahesabu vigae. Niliona daftari likiingia kwapani mwa karani, uzi wake unaning'inia. Lilikaa ndani muda mrefu. Daktari alipotoka alikuja akakaa kando yangu kwanza, akapumua.

"Wameuliza mistari mingapi. Nikasema mitatu. Wameuliza nani alikukamata kwenye huu wa tatu. Nikawaambia hakuna. Matokeo yalikuwa mazuri, ubao ulikuwa umeshaandikwa, na hakuna mtu duniani aliyejua ila yeye." Akanirudishia daftari. "Litundike mahali pake. Jumatatu unaanza na namba nane. Wa kudumu hafiki saa moja na nusu, lakini wewe najua utafika."

Niliitikia kwa kichwa, nikalipeleka daftari msumarini, na nilipolitundika mikono ilitetemeka, ile ile iliyotulia siku niliyoitaka itetemeke.

Nyumbani nilimkuta Mama anachambua mahindi ya kusaga kwenye sinia kubwa, miwani imeshuka puani. Kikombe chake cha mtindi baridi kilikuwa pembeni, hakijaguswa.

"Wamesemaje?" akauliza bila kuinua macho. Aliijua tarehe ya kamati kuliko mimi.

"Nimebaki, Mama."

Mikono yake ilisimama juu ya mahindi. Halafu ikaendelea. "Nilijua," akasema, kwa sauti iliyosema kwamba hakujua hata kidogo.

Nikakaa chini kando yake. "Mama, nina jambo la kukuomba radhi. Wale bakteria wako. Nilikwambia ukiwachemsha wanakuwa hawana kazi. Si kweli. Tumewapima wakiwa wamekufa, wakashika sumu zaidi ya wazima."

Alivua miwani. "Wamekufa."

"Ndiyo."

"Na wanafanya kazi."

"Hiyo ya kushika, ndiyo. Zaidi ya walio hai."

Alifikiri kidogo. "Na aliyewachemsha huko maabara ni nani?"

Nikainamisha kichwa. "Mimi. Kwa bahati mbaya."

Mama alicheka mpaka akashika sinia lisimwagike. "Umesoma miaka yote hiyo," akasema akijifuta macho, "umekuja kukosea kama mama yako."

Kisha akaokota punje moja yenye kivuli cha kijani, akaishika baina ya vidole. "Basi na hii twende nayo tu, wao si watashika?"

"Hapana, Mama. Hiyo tupa. Wao wanashika sumu nyingi, si yote. Na mimi nimepima kwenye neli, si kwenye tumbo la mtu."

"Nilikuwa nakupima wewe," akasema, akaitupa.

Tulichambua mpaka sinia likaisha, vichwa vyetu vimekaribiana, punje mbaya tukazitia kwenye kopo lenye kifuniko. Halafu akaenda jikoni, akafuta meza, akawasha jiko. Uji ulipoanza kutokota alichukua kile kikombe, akanitazama kidogo, akamimina mtindi wote. Uji ukapauka, ukapanda mpaka ukingoni, ukashuka, ukapanda tena.

Nilisimama juu ya sufuria. Humo ndani, kwa wakati ule, maelfu kwa maelfu walikuwa wanakufa na kuta zao zinafunguka, kama zilivyofunguka jikoni kwa bibi yangu kabla sijazaliwa, na hakuna aliyewahi kuwaona wala kuwashukuru.

"Sogea," Mama akasema. "Unaniwekea kivuli."